Watu wa Moshi

Kila asubuhi Naipanoi alifungua dirisha la hoteli yake akiwa ameigeuzia barabara mgongo. Alisukuma mlango wa bati kwa nyuma, kama mtu anayefunga zizi, kisha akaenda jikoni bila kutazama nje. Hakutaka macho yake yaangukie bango la ng'ambo ya barabara. Lakini Noonkopir, mtaa wake wa Kitengela, imejaa vioo siku hizi, na bango lile lilimtafuta. Lilikuwa ndani ya kioo cha duka la dawa lililo jirani, likisomeka kinyumenyume. Lilikuwa kwenye sufuria mpya alizozianika ukutani. Hata akiwa ameinama anakata vitunguu alijua kwamba lipo, kama mtu anavyojua kuna anayemtazama kisogoni.

Jina lililoandikwa pale lilikuwa la mume wake.

Baba Linda alikufa mwaka juzi, baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu. Kwa desturi ya kwao, mtu akishazikwa jina lake halitajwi tena. Ataitwa marehemu, au baba ya fulani, au yule mwenye hiki na kile, lakini jina lenyewe linaachwa lipumzike naye. Naipanoi ameokoka tangu usichana wake, anaimba kwaya ya akina mama, na anajua kwamba Mungu haogopi jina la mtu. Hata hivyo, tangu siku ile ya udongo, jina lile halikuwahi kupita kinywani mwake. Hata akiomba alisema tu, "yule uliyemchukua," na aliamini alikuwa akieleweka.

Sasa jina liko juu ya paa la mtu mwingine, kwa herufi nyekundu, kando ya picha ya paja la mbuzi na nambari ya simu. Chini yake paliandikwa bei ya kilo moja.

Aliyelipandisha pale ni Wanyoike. Alikuwa amefika kwao akiwa kijana mwembamba, mama yake akifanya kazi katika shamba la maua, baba hakumjua. Aliomba kazi ya kuosha vyombo. Baba Linda alimtazama mikono, akamwambia aache vyombo, amfuate kwenye moto. Na hapo ndipo Naipanoi alipompoteza mume wake nusu, ingawa ilimchukua miaka kulijua hilo.

Kwa maana moto ni wa wanaume. Karamu kubwa ikiwa Kajiado au Isinya, moto huwashwa mbali na boma, nyuma ya miti, na mbuzi huchinjwa huko huko. Nyama huchomekwa kwenye vijiti vilivyosimamishwa kuzunguka makaa. Mwanamke haendi huko. Kinachomfikia ni sinia ya nyama iliyoiva, na baadaye shati lenye moshi la kufua. Mambo mengine yote yalikuwa ya Naipanoi: kupanga bei, kununua mchele, kukata kachumbari, kupigia simu wanaochelewesha malipo na kuwasikiliza wakidanganya. Maisha yao yote ya ndoa alimjua mume wake nyumbani, kanisani na, mwishowe, wodini. Lakini ile kazi iliyompa sifa toka Kitengela hadi Namanga hakuwahi kumwona akiifanya hata mara moja.

Wanyoike alimwona. Alisimama naye pale kila Jumamosi, mwaka baada ya mwaka. Hilo ndilo lililokuwa likimla Naipanoi, kuliko hata wateja waliovuka barabara.

Na wateja walivuka. Baada ya mazishi aliajiri Okoth, mpishi mzuri wa ugali na samaki, lakini mtu mwenye haraka. Nyama yake ilitoka nyeusi kwa nje na mbichi kwa ndani. Wanyoike alingoja hadi matanga yakaisha, akaomba ruhusa ya kujitegemea, akaenda na baraka za kila mtu. Miezi michache baadaye bango likapanda. Wateja wa zamani walipita kwa Naipanoi kumsalimu tu, wakichokonoa meno, wakimwambia asiwe na huzuni, kwani nyama ya ng'ambo ni ile ile ya mzee. Walidhani wanamfariji. Yeye alitabasamu, akapangusa meza iliyokuwa tayari safi.

Wazee wa Kajiado walizidisha. Walianza kumwita Wanyoike mwana wa mzee, na wengine wakimtania kwa Kimaasai kwamba Mmaasai huyu amekosa masikio marefu tu. Naipanoi alimzalia mume wake mabinti watatu na hakuwahi kusikia lawama kutoka kwake kwa ajili hiyo. Lakini neno hilo, mwana wa mzee, lilimkaa kooni kama mfupa. Mke wa Wanyoike, Mumbi, alipojifungua, akina mama wa mtaa walikwenda kumwona mtoto wakiwa na unga na sukari. Naipanoi alisema anaumwa mguu. Waliporudi walizungumza juu ya mvua, wasimwambie lolote kuhusu mtoto yule, na yeye hakuuliza.

Basi mambo yalikuwa hivyo pale Mzee Kuntai alipompigia simu.

Kanisa lao la Kajiado lilikuwa limekamilika na lilitakiwa kuwekwa wakfu. Ni kanisa la mawe, ambalo Baba Linda alilibebea mawe kwa pikapu yake bila kulipwa, akiomba tu aachiwe kazi ya nyama siku ya kulifungua. Hakuiona siku hiyo. Kuntai, mwenyekiti wa kamati, alimweleza Naipanoi kwamba wageni walioalikwa ni mia nne, kamati ingependa apeleke bei, na wamemwomba Wanyoike pia, ili haki ionekane. Alilisema la mwisho haraka haraka, kama mtu anayepita penye mbwa.

Naipanoi alishukuru, akakata simu, akaketi. Kazi nyingine zote angeweza kumwachia Wanyoike. Hii alikuwa ameahidiwa mume wake. Ikienda ng'ambo ya barabara, basi hata kaburini kuna mtu aliyepokonywa.

Jioni hiyo alipanga bei na Linda, binti yake mkubwa, ambaye anafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi na ana kichwa chepesi cha hesabu. Naipanoi hakuhitaji kuandika. Bei ya karamu ilikuwa kichwani mwake kama wimbo. Penye wali na ugali, mbuzi mmoja anatosha watu kumi na sita. Hivyo kwa mia nne ni mbuzi ishirini na tano. Toa kinachoyeyukia motoni, ongeza kuni, chumvi, gari, wachomaji, na wale wa kuwazuia mbwa. Kisha ongeza mbuzi watano kwa ajili ya watu wa moshi.

Jina hilo alilibuni Baba Linda. Watu wa moshi ni wale ambao hawakualikwa: mchungaji wa mbuzi aliyeona moshi kwa mbali, waendesha pikipiki, dereva wa lori aliyesimama kukagua gurudumu ambalo halina shida. Kila bei aliyoitoa ilikuwa na fungu lao. Wateja wa Nairobi walilalamika, wakitaka kulipia vichwa walivyovialika tu. Yeye aliwaambia basi wakatafute mtu anayechoma bila moshi.

Bei ilipokamilika, Naipanoi akaitazama akajua jambo moja. Hiyo ndiyo bei atakayoileta Wanyoike, au karibu na hiyo, kwa sababu mwalimu wao alikuwa mmoja. Wakilingana, kamati itachagua nyama, na nyama iko ng'ambo.

"Toa wale watano," alimwambia Linda.

"Watu wa moshi?"

"Toa. Na hiyo pesa ya wachomaji ikate nusu."

"Mama, hapo tutachoma na nini? Na maombi?"

Alimwambia asicheze na maombi. Usiku alipiga magoti kama kawaida, akamshukuru Mungu kwa siku, akamtajia wagonjwa wa mtaa mmoja mmoja. Lile la bei hakuligusa. Alilipitia pembeni, kama alivyokuwa akilipita bango.

Kamati ilikutana ndani ya kanisa lenyewe, penye viti vya plastiki na harufu ya rangi mbichi. Wanyoike alikuwa amefika kabla yake, amevaa shati lililopigwa pasi. Alipomwona alisimama, akamwendea, akainamisha kichwa aguswe utosini, kama kijana wa Kimaasai anavyomsalimu mama. Alifundishwa hayo na nani? Naipanoi alimgusa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto.

Bei zilisomwa. Ya Naipanoi ilikuwa chini kwa mbali, na mhazini hakuficha furaha yake. Lakini Mzee Kuntai aliiomba karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisoma polepole.

"Mama Linda," alisema, "watu wa moshi wako wapi?"

Naipanoi alijibu kwamba siku hizi watu wana adabu, hawaji mahali bila kualikwa.

"Hapa Kajiado?" aliuliza mzee mwingine, na kiti chake cha plastiki kikalia kwa kicheko.

Kuntai akachukua karatasi ya Wanyoike. Watu wa moshi walikuwepo, mbuzi watano, kwenye mstari wao peke yao. Akamwuliza kijana kwa nini aliwaweka, hali akijua kanisa halina pesa.

"Mzee alinifundisha," alijibu Wanyoike, akitazama sakafu. "Alikuwa anasema, ukimfukuza mtu ameletwa na harufu, kesho hata ukimwita kwa jina hatakuja."

Wazee wakatikisa vichwa. Ilikuwa ni yeye kabisa, walisema, hata sauti. Lakini Naipanoi alihisi kama amevuliwa nguo mbele yao. Maneno yale aliyahesabu kuwa yake mwenyewe. Baba Linda aliyasema kitandani, taa imezimwa, zamani sana, usiku ambao walibishana kuhusu bei ya arusi fulani, na Naipanoi akacheka gizani akakubali. Miaka yote alidhani yalisemwa mara moja tu, na kwa mtu mmoja tu. Kumbe yalikuwa yamesemwa na kule nyuma ya miti, kwa kijana huyu, labda mara nyingi, labda kwa uzuri zaidi.

Alisimama kabla hajajua kwamba anasimama.

"Mzee Kuntai, mimi pia niko na swali," alisema. "Huyu kijana anauza nyama kwa jina la nani?"

Alinyoosha mkono kuelekea upande wa Kitengela.

"Nendeni Noonkopir msome. Jina la mume wangu liko juu ya paa, na bei ya kilo iko chini yake."

Wazee wakatazamana. Ilikuwa kama mtu ameangusha kibuyu cha maziwa. Mchungaji alikohoa, akasema kwa upole kwamba sisi ni watu wa nuru na mambo ya kuogopa majina tuliyaacha. Kuntai alikubali kwamba wameokoka. Lakini akalaza fimbo yake sakafuni, kama mtu aliyefunga shauri, na wazee wenzake wakakunja mashuka yao mapajani, na Naipanoi akajua ameshinda. Walikuwa hawajui habari za bango. Hawakuwa watu wa kushuka Kitengela kula nyama ya kununua.

Wanyoike alikuwa amegeuka rangi. Alimtazama Naipanoi, si kwa hasira, na hilo lilimuudhi zaidi.

"Mama, mbona hukuniambia?"

Kisha akawaambia wazee, kwa Kimaasai chake chenye kokoto za Murang'a, kwamba kwao Ugikuyu mtu mwema akiondoka jina lake halilazwi. Linapewa kazi, ili watoto walikute. Alidhani anamheshimu. Alidhani Mama anapoligeuzia bango mgongo ni kwa sababu ya uchungu wa msiba, ndiyo maana hakuuliza. Aliomba radhi kwa kila mmoja, akikunja karatasi yake mara mbili, halafu mara nne. Alisema kazi ni ya Mama, akatoka.

Kazi ikawa ya Mama. Alipotoka nje, upepo ukimpeperusha shuka, alimkuta Wanyoike amesubiri na pikapu yake akitaka kumrudisha Kitengela. Alimwambia ana safari nyingine. Hakuwa nayo.

Kesho yake alimwona juu ya ngazi. Hakumwita fundi, alilipaka bango mwenyewe, kwa rangi nyeupe na brashi pana. Naipanoi alimtazama kupitia kioo cha duka la dawa. Rangi ilipokauka mara ya kwanza, herufi nyekundu zilionekana bado chini yake, hafifu, kama kovu. Akapaka tena. Akapaka mara nyingine. Jioni hapakuwa na kitu ila nambari ya simu na paja la mbuzi lisilo na mwenyewe.

Alingoja furaha ije. Asubuhi iliyofuata alifungua dirisha akiwa ametazama nje, kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima, na barabara ilikuwa tupu kama siku waliporudi kutoka makaburini. Ndipo alipotambua kwamba kila siku, kwa kununa kwake, alikuwa akisalimiana na jina lile. Sasa hapakuwa na wa kununiwa.

Tena kulikuwa na shida ya pili, ya mbuzi ishirini na tano. Okoth aliposikia habari za vijiti aliweka mwiko chini, akasema yeye ni mtu wa samaki na samaki hasimami. Naipanoi akawapigia simu wachomaji wa Kona Baridi, ambao Baba Linda aliwakodisha zamani. Walipoambiwa malipo, mmoja alimwuliza kama hiyo ni ya siku au ya saa. Ile nusu aliyoikata kwa wivu ilikuwa imekatwa kwenye mikono ya watu.

"Si uende tu kwa Wanyoike," Linda alisema.

"Afadhali nichome mwenyewe."

"Uchome, wazee wakimbie. Itakuwa karamu ya kwanza Kajiado yenye nyama ya kutosha."

Naipanoi hakucheka. Alikwenda Jumapili baada ya ibada, Biblia ikiwa bado kwenye mkoba. Kuvuka barabara ile kulikuwa kurefu. Wanyoike alikuwa akikwangua wavu wa jiko. Alinyanyuka akipangusa mikono, akainamisha kichwa. Safari hii alimgusa kwa kiganja, kwa kuwa alikuwa ameshasahau kujilinda.

Alimweleza kwamba amekuja na shida ya kazi. Wanyoike alisema alijua. Alisema ameshaagiza kuni, za mgunga mkavu, na ameshaongea na vijana wanne wanaojua vijiti.

Wivu ukampanda upya. Hata kwa kushindwa kwake, kijana huyu alikuwa ameshaandaa kuni.

"Kwa nini ulifikiri nitakuja?"

"Kwa sababu ya bei yako, Mama. Ile bei haikuwa na mtu wa kuchoma. Nikasema, basi huyo mtu ni mimi." Kisha akaongeza kwa aibu kwamba yeye mwenyewe bei yake aliikisia. Mzee hakuwahi kumwonyesha upande huo. Alipouliza, aliambiwa huo ni wa Mama na hauingiliwi. "Mimi hata chumvi nilisahau kuiweka. Na gari. Ningepata hiyo kazi, ningerudi kwa miguu."

Hilo lilimtuliza Naipanoi kidogo, na alijionea haya kwa jinsi lilivyomtuliza. Wakaketi. Wanyoike akauliza wale mbuzi watano watatoka wapi, maana watu wa moshi watakuja tu, wapendwe wasipendwe. Naipanoi alisema watatoka nyumbani. Alikuwa na mbuzi wa marehemu huko Isinya, wale wenye alama yake masikioni, ambao alikuwa akiwatunza bila kujua anawatunzia nini. Kamati haitaulizwa shilingi zaidi.

Alipaswa kuondoka hapo. Lakini kulikuwa na jambo alilolibeba muda mrefu, na mtu wa kuliuliza alikuwa ni huyu mmoja tu duniani.

"Alikuwa anafanya nini huko?" alisema. "Kwenye moto. Mimi sikuwahi kuona."

Wanyoike alifikiri. Alisema mzee hakuwa mtu wa kuongea. Alitia chumvi mwishoni, kamwe si mwanzoni. Aligeuza kijiti kabla mafuta hayajadondoka. Kisha akasema kwamba alipenda kusimama upande ule unakokwenda moshi.

"Kila mara?"

"Kila mara. Upepo ukigeuka, anageuka nao. Ili sisi vijana tukae kwa hewa. Nikimwambia tubadilishane, ananiambia mimi bado niko na kuoa mbele yangu."

Naipanoi alivuka barabara na maneno hayo. Hakumwambia Linda. Miaka ile yote alikuwa akijiuliza kikohozi kile kilitoka wapi, daktari akiuliza kama mzee anavuta sigara, naye akikana kwa niaba yake. Sasa alijua. Kifua cha mume wake kilikuwa kimetumika kumkinga mtoto wa mtu mwingine. Usiku alipiga magoti akakaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi, akimwuliza Mungu swali moja tu, la kitoto: na mimi je? Mimi nilipewa nini? Akalala.

Siku ya kuweka kanisa wakfu jua lilitoka mapema. Nyimbo zilikwenda mpaka adhuhuri, utepe ukakatwa, askofu akabariki mawe, na Naipanoi, akiwa kwenye safu ya kwaya, akayatazama mawe ya chini kabisa, yale ya kwanza, akajua ni nani aliyeyabeba. Kisha akavua joho la kwaya, akafunga leso, akaenda upande wa akina mama penye sufuria za wali.

Nyuma ya migunga moshi ulikuwa umesimama wima. Halafu upepo ukageuka kama kawaida ya Kajiado, na harufu ikashuka bondeni, na watu wa moshi wakaanza kuja. Walikuja wachungaji wa mbuzi wakiwa na fimbo mabegani, waliomsalimu kila mtu kwanza ili ionekane walikuwa wakipita. Walikuja waendesha pikipiki. Lori lilisimama barabarani, na utingo akashuka kukagua magurudumu, yote, kwa makini. Kuntai aliwapokea wote kwa mkono, akawaketisha. Masinia yakatoka, yakarudi, yakatoka tena, na nyama haikuisha. Naipanoi alisikia wazee wakila bila kuzungumza, na wazee wale huzungumza hata kwenye maombi.

Baadaye kijana mmoja wa moto alimletea kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa na mbavu, bado zinatoa mvuke, zimetiwa chumvi juu tu. Baba Linda alimletea mbavu hivyo hivyo kila alipotoka kwenye kazi, zimefungwa hivyo hivyo, na yeye alidhani ni zile zilizobaki.

"Wanyoike anasema hii inatolewa kwanza," kijana alisema. "Kabla ya mtu yeyote kukula. Anasema mzee alikuwa anafanya hivyo."

Aliketi kwenye mkeka nyuma ya sufuria, akaonja. Ulikuwa mkono wa marehemu kabisa. Alitafuna polepole, wivu na nyama vikipita pamoja kooni, na hakujua machozi yalikuwa ya kipi.

Ndipo Mumbi alipopita na sahani, akimtafuta mtoto wake. Mtoto alikuwa bado hajatimiza miaka miwili, ametoroka chini ya meza na kijiko kikubwa mkononi. Mumbi, katika hekaheka za siku, akapaza sauti kama mama yeyote.

"Ledama! Ledama, kuja ukule!"

Akina mama wote wakageuka. Mmoja alipiga ulimi. Mumbi akajiziba mdomo kwa kiganja, sahani ikainama, na wali ukamwagika miguuni mwake. Wakamtazama Naipanoi, wakingoja.

Jina lile alikuwa amelisikia kwa mara ya mwisho wodini, na yeye ndiye aliyekuwa akiliita. Aliliondoa juu ya paa, na kumbe muda wote lilikuwa likitambaa nyumba ya pili, linaota meno, linaoshwa miguu jioni na mwanamke mwingine. Kilimpanda kitu kikali kuliko vyote vilivyotangulia. Kila kitu wamepata wao, aliwaza. Moto, na hewa safi, na hili pia.

Mtoto alitoka chini ya meza. Alikuwa ameiona nyama. Alisimama hatua chache kutoka kwenye mkeka, kijiko kikiburuta vumbi, akazitazama mbavu, si yeye.

"Mwacheni," Naipanoi aliwaambia akina mama. Alichuna kipande laini kutoka mfupani, akakipuliza kipoe. "Kuja," akasema. "Kuja ukule."

Mtoto hakusogea. Alimtazama mama yake, akamtazama huyu mama asiyemjua, akabaki pale pale, maana hakuwa ameitwa.

Naipanoi alishika kile kipande mpaka mafuta yakamteremkia kwenye kiganja.

"Ledama," alisema.

Mtoto akaja. Akaketi kwenye mkeka kama mtu aliyefika kwake, akala alichopewa, kisha akanyoosha mkono kwenye majani akachukua na ule ubavu ambao Naipanoi alikuwa amejiwekea.